Makuyu Tumboni mwa Papa

Bibi yangu alikuwa akitutolea hadithi huku anakuna nazi kwenye mbuzi. Ukitaka kujua kama hadithi imefika pazito, ulisikiliza mbuzi. Mbuzi ikinyamaza, kuna jambo.

Usiku mmoja ilinyamaza kwa ajili yangu. Bibi alikuwa amefika pale papa anapomwambia kima, wakiwa katikati ya bahari, kwamba huko waendako si karamuni: sultani wa papa ni mgonjwa, na dawa iliyotajwa ni moyo wa kima. Nikadakia. "Bibi, kwani kamwambia ya nini? Si angenyamaza tu mpaka wafike?"

Wenzangu wakacheka. Bibi hakucheka. Alifuta chicha vidoleni kwa upindo wa kanga, akaniangalia. "Wewe ushayahesabu makuyu aliyokula? Ya miaka yote ile? Yalikuwa tumboni mle, yanamsuta." Kisha akaendelea kukuna. Nazi ile, nikikumbuka vizuri, ilikuwa ya kupikia papa. Vipande vya papa mkavu vilikuwa vimerowekwa kwenye bakuli tangu adhuhuri vitoke chumvi, na sisi watoto tulikuwa tumekaa pembeni ya bakuli hilo tukimcheka papa wa hadithini.

Hadithi yenyewe ni ya zamani. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, aliisikia kwa wenyeji akaichapisha London mwaka 1870 pamoja na nyingine nyingi, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Katika kitabu hicho tunasoma kwamba kima na papa walikuwa marafiki. Palikuwa na mkuyu mkubwa, matawi yake nusu juu ya nchi na nusu juu ya bahari. Kima alikula makuyu, akamtupia na mwenzake aliyekuwa chini majini. Ikawa hivyo siku nyingi, mpaka papa akamwalika kwao akambeba mgongoni. Njiani akamwambia ukweli. Kima akajibu kwamba angeambiwa mapema angekuja na moyo wake, maana wao kima wakitoka safari mioyo yao huiacha mtini. Wakarudi kuufuata. Kima akapanda juu, akakaa, hakushuka tena.

Papa alipomwita, kima akampa kisa cha punda wa dobi: punda aliyedanganywa kwa maneno matamu mpaka penye simba, akaponea chupuchupu, akadanganywa tena akarudi akaliwa. Simba alipouliza moyo na masikio ya punda viko wapi, sungura, ambaye alikuwa ameshavila, akamwambia punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo asingerudi. Wewe papa unataka kunifanya mimi punda wa dobi, akasema kima. Urafiki ukaishia hapo.

Wazee walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hii ni ngoma ya kima. Yeye ndiye aliyerudi nchi kavu, kwenye mabaraza na watu, akasimulia. Papa hakuwahi kupanda ngazi za nyumba ya mtu kusema la kwake. Basi leo namkaribisha aseme, naye nadhani angesema hivi:

"Sikuanza mimi kumtafuta kima. Makuyu yalikuwa yakianguka majini kabla hata hatujajuana. Siku moja likaanguka moja karibu na kichwa changu, nikalila. Nyinyi hamjui maana yake. Kwetu chini kila unachokula kilikuwa kinakukimbia. Tunda lile halikunikimbia. Kesho yake nikarudi, nikainua kichwa nikasema, nitupie. Akanitupia. Hakuniuliza nina meno mangapi.

"Kisha sultani akaugua. Si mimi niliyempima, wala si mimi niliyeitaja dawa. Walikaa wakubwa wakasema, moyo wa kima. Halafu wakauliza, nani anajuana na kima? Wote wakanigeukia. Urafiki uliokuwa ukichekwa jana, papa mzima anakaa chini ya mti kusubiri matunda, leo ukawa ndiyo kazi niliyopewa na dola.

"Nikaenda. Nikamwambia, nimekula kwako miaka, nawe njoo ule kwangu. Maneno yale yalikuwa ya kweli; nilitamani tu ningeyasema siku nyingine. Akapanda mgongoni. Alikuwa mwepesi. Alilishika pezi langu kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake sokoni, na kila kitu akauliza: kule ni wapi, hiki nini, mbona maji hapa meusi. Nikajiambia, nitamwambia tukivuka mkondo. Tukavuka. Nikajiambia, nitamwambia tukiupita mwamba. Tukaupita. Nikasema.

"Mnanicheka kwamba niliamini habari ya moyo ulioachwa mtini. Mimi ni papa. Vifua nilivyopasua mimi hamjaviona nyinyi. Najua moyo unakaa wapi. Lakini aliponiambia turudi, niligeuka hata hajamaliza kusema, na njia ya kurudi niliiona fupi."

Ngoma ya papa inavutia kwa papa, hilo sikatai, na mengi hapo nimemtia kinywani mimi. Lakini hadithi yenyewe imeacha nafasi ya kumtia. Shimo lipo palepale nilipouliza nikiwa mtoto. Papa hakulazimishwa kusema kitu. Kima alikuwa mgongoni tayari, hajui kuogelea, nchi iko mbali. Mwovu wa kweli angefika akakabidhi mzigo akalipwa.

Ukiifuata hadithi hii ilikotoka utaona hata waliotutangulia kuisimulia walisita papo hapo. Huko Bara Hindi, katika Panchatantra, papa ni mamba, na mti wake si mkuyu bali mzambarau. Mamba anampelekea mkewe zambarau alizopewa na rafiki yake, mke anaonja, anasema anayekula vitu vitamu hivi kila siku moyo wake utakuwa mtamu zaidi, niletee. Katika Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8, ni kobe, na huyo kobe anasimama majini njiani, anaona aibu kwa anachokwenda kufanya, hata kima mwenyewe anamuuliza ana nini. Watu wa lugha mbalimbali, karne kwa karne, walikuwa na uwezo wa kuifuta sehemu ile na kumfanya msaliti awe msaliti moja kwa moja. Hawakuifuta.

Walichobadilisha ni aliyemtuma. Huko ni mke. Hadithi ilipofika Unguja, mke akatoka akaingia sultani. Mimi nawashukuru mabibi na mababu waliofanya hivyo, kwa sababu mbili. Kwanza, walimwondolea mwanamke lawama ambayo hadithi za dunia zimezoea kumtwika. Pili, walijua kwa macho yao mtu aliyetumwa na mkubwa anavyokuwa. Steere aliikuta hadithi hii katika mji wenye sultani hasa, ambamo mdogo akiambiwa nenda, anakwenda. Msimulizi aliyesema papa katumwa na sultani wake alikuwa anasema jambo ambalo wasikilizaji wake wote walilijua.

Na sultani mwenyewe je? Hatumuoni. Haogelei hata hatua moja katika hadithi nzima. Hatumjui mganga aliyetaja moyo, hatujui alipata wapi elimu hiyo, hatujui kama sultani alipona au alikufa. Wote hao wamekaa salama nje ya hadithi, na matusi ya punda wa dobi yamemwangukia aliyetumwa. Watoto wanalala wakijua mjinga ni papa kwa sababu alisema kweli. Hili ndilo linaloniuma. Tunamfundisha mtoto asiye na hila kuona haya kwa kukosa hila. Akikua, akatumwa jambo baya, atakumbuka kosa la papa lilikuwa kufungua mdomo.

Lakini simtakasi papa, na hapa lazima niseme habari yangu, maana pasipo hiyo nisingekaa na hadithi hii miaka yote hii.

Nilipoanza kazi nilikuwa kijana wa kutumwa. Mtunza stoo wetu alikuwa mtu mzima, tukimwita Mzee wote, na kila asubuhi aliniwekea kikombe cha chai na andazi moja juu ya kreti karibu na mlango, kwa kuwa alijua natoka mbali na alfajiri kwetu hakuna moto. Hakuwahi kuniambia nimekuwekea. Nilikuta tu, kikombe kimefunikwa kwa kisahani. Siku moja wakubwa wakaniita. Kamlete Mzee ofisi kuu, mwambie kuna kikao, na aje na funguo zake. Usimwambie zaidi. Nilijua kuna nini. Mtu wa kushika nafasi yake alikuwa ameshapatikana.

Nikamwambia kuna kikao. Tukapanda daladala. Alikaa dirishani, bunda la funguo mapajani, limefungwa kwa kitambaa zisigongane. Nilijiambia nitasema tukipita kituo kile, tukakipita. Tulipofika Michenzani, mjini Unguja, yale majumba marefu yanapita nyuma ya kichwa chake, nikamwambia.

Hakuniambia moyo ameuacha stoo. Kuna watu hawana mti wa kurudia. Alitazama mbele kidogo, kisha akaniuliza, "Leo ulikunywa chai?" Nikasema, nilikunywa, Mzee. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetaka kuhakikisha jambo moja tu. Gari ikaendelea. Angeweza kuteremka, mlango ulikuwa hatua tatu, lakini mtu wa umri ule mwenye funguo za watu hateremki njiani. Mimi nililijua hilo kabla sijasema. Ndiyo maana nilisema pale na si stoo, ambako angeweza kukaa chini, kufikiri, kumpigia simu mwanawe, kukataa kwenda. Nilitaka kuwa nimesema kweli, na nilitaka pia tufike.

Tulipoteremka alimlipa konda nauli ya watu wawili.

Tangu siku hiyo nimejua papa alikosa wapi. Hakukosa kusema, alikosa pa kusemea. Chini ya mkuyu, kima akiwa juu ya tawi kwa miguu yake mwenyewe, maneno yaleyale yangekuwa maneno ya rafiki: sultani anaumwa, wanautaka moyo wako, wamenituma mimi, nifanyeje? Pengine kima angecheka, pengine angelia. Pengine wangekaa wawili wakatafuta la kumwambia sultani. Kule kwenye kilindi kima hakubakiwa na njia ila uongo, na uongo ulipomponya, hakuwa na sababu ya kumwamini papa tena maisha yake yote. Nami simlaumu kima hata kidogo kwa uongo ule. Namlaumu kwa kisa cha punda tu. Alikuwa ameshafika juu, ameshapona. Aliyemgeuza akamrudisha yuko chini pale, na kima hakujiuliza mbona amegeuka haraka vile.

Wakati mwingine nafikiri makuyu ya Bibi na chai ya Mzee ni kitu kimoja. Mtu anakupa kidogo kidogo, hakuandikii deni, mpaka siku unapotumwa umdhuru unakuta mwili wako wenyewe umekataa. Haukatai kwa ushujaa. Unakataa kwa kuchelewa, kwa kusitasita, kwa kuvuka mkondo na kupita mwamba hali ulimi umekuwa mzito. Hiyo si sifa kubwa. Lakini kama kima asingetupa yale makuyu, papa angefika bila kusema neno, na sisi tusingekuwa na hadithi.

Siku hizi mimi ndiye ninayetoa hadithi nyumbani. Nazi inasagwa kwa mashine, kwa hiyo hakuna mbuzi ya kunyamaza, nanyamaza mwenyewe. Kima akishapanda mtini, simalizi hapo. Namwacha papa chini ya mti kwa muda. Jua linazama. Maji yanakupwa na inabidi aondoke kabla hayajawa machache. Nawauliza watoto, atakwenda kumwambia nini sultani?

Mara ya mwisho mkubwa wao alijibu haraka. Alisema papa atadanganya, atasema kima alianguka akafa maji njiani, moyo umepotea. Wengine wakakubali, jibu limewatosha.

Mdogo, aliyekuwa amelala nusu mapajani mwangu nikidhani hasikii, akainua kichwa. "Na kesho akisikia njaa," akauliza, "nani atamtupia?"