Neno la Mwaka Mpya: Mgeni Ni Nani?



Tumevuka mwaka kwa neema ya Mungu, nasi tunaomba haki na amani katika Kolwezi yetu. Lakini tukiomba, tusifiche kosa letu. Mwaka 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao hapa mjini. Walilala stesheni pamoja na watoto wao, wakingojea treni, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Kati yetu wako waliowaficha jirani zao. Wako walionyamaza. Wako pia walioingia katika nyumba zilizoachwa.

Hata leo, watu wa Kasai wanaposhuka kutafuta kazi ya migodi, tunasikia tena: «Warudi kwao!»

Tukumbuke: Papa Simon Kimbangu hakuzaliwa Katanga. Aliletwa kutoka Bas-Congo kama mfungwa, akakaa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, hata akafa tarehe 12 Oktoba 1951. Sisi wana wa mfungwa yule, tutamwita nani mgeni?

Basi mwaka huu, anayegawa kazi asiulize kabila. Mwenye mizani ya madini apime sawa kwa wote. Anayekaa katika nyumba ya mwenzake amtafute, wasemezane. Tusome nyumbani Walawi 19:33-34, kisha tutende.

Upendo, amri na kazi: ndiyo njia yetu. Amina.