Ardhi Tambarare Isiyokuwepo

Miongoni mwa maswali makongwe ya falsafa ya elimu ni iwapo dhana ambayo mwenye kuitumia anajua wazi kuwa si kweli yaweza kumfikisha kwenye ujuzi wa kweli. Mwanafalsafa Mjerumani Hans Vaihinger, katika kitabu alichokitoa mwaka 1911, aliitofautisha nadharia tete, ambayo husubiri kuthibitishwa au kukanushwa, na dhana ya kubuni, ambayo haidai ukweli wowote na huhukumiwa kwa manufaa yake tu. Hukumu hiyo ina ukarimu uliopita kiasi, na hesabu ya vivuli katika mashamba ya umeme wa jua yatosha kulionyesha hilo.

Katika mengi ya mashamba hayo safu za paneli hufungwa juu ya mihimili iliyolala kaskazini kwa kusini, nazo hugeuka kutwa kulifuata jua. Lakini jua likiwa chini, safu ya mbele huitia kivuli ya nyuma, na kwa kuwa seli za paneli zimeunganishwa kwa mfululizo, ukanda mwembamba wa kivuli waweza kupoteza umeme mwingi kuliko upana wake. Ndiyo maana mtambo hurudi nyuma, yaani huzilaza paneli zaidi kuliko jua linavyotaka, mpaka kivuli kikome ukingoni mwa jirani. Kwa desturi pembe hiyo ilikokotolewa kana kwamba ardhi ni tambarare. Iwapo upana wa paneli ni nusu ya umbali kati ya mihimili, na jua, likitazamwa kwa kukingama safu, limeinuka nyuzi 15, hesabu hutoa mwinamo wa nyuzi 16 hivi. Kwenye kilima kinachoteremkia mashariki kwa nyuzi 5, asubuhi zingefaa nyuzi 28, na jioni, jua likiwa kimo kilekile, nyuzi 5 tu na kidogo.

Dhana moja, basi, hukosea kwa namna mbili zilizo kinyume: asubuhi huzinyima paneli mwanga ambao usingemdhuru jirani yeyote, na jioni humfunika jirani huyo. Anayepima manufaa kwa jumla ya siku huona hasara, asione kwamba ni hasara za aina mbili.

Mafakihi wa Kiislamu, ambao nao hupima vivuli ili kujua nyakati za sala, waliupitia mlango mwingine. Katika madhehebu ya Shafii, Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiondoa kivuli cha adhuhuri, na kipimo hicho hutaka kijiti kisimamishwe mahali palipo sawa. Tambarare hapo si dhana ya kubuni bali ni sharti, nalo hutimizwa kwa kusawazisha kipande kidogo cha uwanja, jambo lisilowezekana kwa kilima kizima. Mhandisi hana budi kuibadili kanuni. Ile waliyoieleza Kevin Anderson na Mark Mikofski mwaka 2020 huuingiza mteremko ndani ya hesabu yenyewe, ingawa nayo hudhani kwamba mteremko ni mmoja kutoka safu ya kwanza hadi ya mwisho, na vilima vya namna hiyo ni vichache.