Mwendo wa Mama Ndio Mwendo wa Safari



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, mitihani inakaribia kwisha, na kila tunapokutana baada ya Alasiri mazungumzo ni ya likizo. Leo nataka kuzungumzia likizo ambayo wachache wetu huifikiria: kumchukua mzazi aliyezeeka ukaenda naye nchi nyingine, si kwa matibabu wala msiba, bali kutembea tu na kupumzika.

Hapa Kampala mzee hupandishwa gari kwa sababu tatu: hospitali, harusi na maziko. Akijaliwa, ya nne ni Hija. Ukisema unataka mama akaione bahari, utaulizwa kama huo si ubadhirifu. Ni swali la haki. Jibu lake liko katika nia na katika mfuko: pesa ikiwa ya halali, si ya deni, na ada haikuguswa, basi jambo la mubaha hugeuka ibada kwa nia ya kumfurahisha mzazi. Sura ya Al-Ankabut, aya ya 20, inataka tutembee katika ardhi na tutazame, wala haikuweka kikomo cha umri. Na Nabii Yusuf (a.s.), alipopata nafasi Misri, hakutosheka na kutuma nafaka nyumbani. Aliagiza wazee wake waletwe, akawakaribisha waingie kwa amani, akawakweza kwenye kiti chake cha enzi. Sisi wengi tunaishia kwenye nafaka, tena kwa simu.

Lakini kusafiri na mzee si sawa na kusafiri na wenzako. Mtume (s.a.w.) alitueleza kwamba safari ni sehemu ya adhabu, kwa sababu humkatizia mtu usingizi na chakula chake. Kijana huimeza adhabu hiyo. Mzee hukaa nayo mwilini wiki mbili.

Tazameni yeye mwenyewe alivyosafiri. Jabir (r.a.) amepokea kwamba alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akiwasukuma wanyonge, akiwapakia nyuma yake na kuwaombea dua. Anjasha alipokuwa akiwaimbia ngamia waliobeba wanawake, wakaanza kwenda mbio, alimtaka aende polepole kwa kuwa alichokuwa akikiendesha ni kama vyombo vya kioo. Na usiku wa Muzdalifa, Bibi Sawda bint Zam'a (r.a.), aliyekuwa mzito wa mwili na wa mwendo, aliomba aondoke kabla ya msongamano wa watu, naye akaruhusiwa. Bibi Aisha (r.a.), aliyebaki hadi asubuhi, baadaye alitamani lau naye angeomba ruhusa ile. Fikirini: hiyo ni Hija, nguzo ya dini, na bado mwendo ulilegezwa kwa ajili ya mama mmoja. Ratiba yetu ya kwenda Forodhani ni nani hata isilegezwe?

Mimi na dada yangu tunapanga kumpeleka mama Unguja, in shaa Allah. Ana miaka 68, ana presha, na goti lake la kushoto halipendi ngazi. Nimeona ratiba za wenzetu: asubuhi Mji Mkongwe, adhuhuri shamba la viungo, alasiri msitu wa Jozani, usiku Forodhani. Hiyo ni ratiba ya mtu wa miaka 21. Yetu ina jambo moja kwa siku, asubuhi kabla jua halijakolea. Baada ya Adhuhuri ni kulala. Chumba tunataka cha chini, maana nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina ngazi ndefu zilizosimama wima. Vichochoro vyake vingi havipitishi gari, ila waliojenga mji ule waliweka baraza za mawe nje ya nyumba, na mzee anaweza kukaa kila baada ya hatua kadhaa akatazama watu. Huko nako ni kutembea.

Mama mwenyewe amechagua kitu kimoja tu: msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Anasema Uislamu ulifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844 kupitia wafanyabiashara waliotoka upande wa Zanzibar, kama Ahmed bin Ibrahim, naye anataka kusujudu huko dini ilikotujia. Siku hiyo imepewa nafasi peke yake.

Maandalizi mengine ni ya kawaida. Pasipoti ishughulikiwe mapema. Dawa za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Anayetoka Uganda huhitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nacho huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Kwa aliyevuka miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa, daktari aulizwe kwanza, kwa kuwa madhara huwa na hatari zaidi katika umri huo.

Na mweleze sala za safarini kabla hamjaondoka, kwani wazee wengi hudhani kupunguza ni uvivu. Njiani atapunguza na kukusanya. Katika madhehebu ya Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hukamilisha. Goti likikataa, ataswali ameketi.

Kinachobaki ni ulimi. Tumekatazwa hata kuwaambia wazazi "ah", nasi huguna tukisubiri wavae viatu! Tena ukimuuliza mama kama amechoka, atasema hapana, kwa kukuhurumia wewe na pesa yako. Usimuulize. Mwambie, "Mama, nataka kukaa kidogo," kisha kaa kweli, na simu iwe mfukoni. Dada yangu ameshaanza mazoezi hayo katika soko la Nakasero.