Kuiba utafiti wa mtu ni dhulma

Wapo wanaodai kwamba elimu ni ya Allah (SW), kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kusema utafiti huu ni wangu. Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na aghalabu huitoa yule ambaye tayari ameshanakili kazi ya mwenzake.

Ni kweli kuficha elimu ni dhambi. Lakini kueneza elimu ni jambo moja, na kupachika jina lako juu ya jasho la mwingine ni jambo jingine kabisa. Umma huu ndio ulioijenga elimu ya hadithi juu ya isnadi: nani kasema, naye kapokea kwa nani. Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria (1505), aliandika risala nzima kupambanua baina ya mtunzi na mwizi. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ilikuja baadaye sana, mwaka 1710.

Wanazuoni wa zama zetu nao hawakunyamaza. Mwaka 1988 Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Kuwait, ilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinatambuliwa na sharia, zina thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia.

Sasa tutazame vyuoni kwetu. Mwanafunzi anahangaika miaka miwili kukusanya takwimu. Siku moja anafungua jarida la kitaaluma, anakuta majedwali yake na maneno yake, jina ni la msimamizi wake peke yake. Amlalamikie nani, ikiwa mtuhumiwa ndiye atakayepitisha tasnifu yake? Visa vya namna hii nimesimuliwa na zaidi ya kijana mmoja, na wote walinyamaza wapate shahada.

Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayompa mtunzi haki ya kutajwa. Lakini sheria hulinda maandishi, hailindi wazo tupu. Wazo ulilolieleza ofisini kwa mhadhiri likichukuliwa, mahakama haitakufaa kitu. Hapo inabaki taqwa tu, na ndiyo maana nasema amana ni pana kuliko sheria.

Hata hivyo, kutawakali hakuzuii kumfunga ngamia. Hifadhi rasimu zako zikiwa na tarehe. Kubalianeni kwa maandishi, kabla ya kazi kuanza, majina yatapangwaje. Soma mkataba wa jarida kabla ya kusaini, kwani mengi humhamishia mchapishaji hakimiliki yako. Na mwenye uvumbuzi unaostahili hataza aombe kwanza ndipo achapishe, maana katika nchi nyingi kilichokwisha chapishwa hakihesabiwi kuwa kipya.

Kwenu wahadhiri: mwanafunzi anayekukabidhi daftari lake amekukabidhi amana. Anaweza kushindwa kukushitaki hapa duniani. Je, na huko tuendako?

Wallahu a'lam.