Binti wa Mrimba

Kilwa Kisiwani husimuliwa kwamba Sultani Ali bin Selimani alipofika kutoka Uajemi alimtaka Mrimba, mzee wa mji, amuuzie kisiwa. Bei ilikuwa nguo za kukizunguka kisiwa chote. Zikatandazwa, Mrimba akahamia bara, na binti yake akaolewa na mgeni. Masimulizi haya yanafanya kazi ya hati ya kiwanja: mwenyeji hakunyang'anywa, alilipwa, basi hana dai tena. Na kwa kuwa aliyelipwa alivukia bara, bara likawa makazi ya watu waliokwisha kuuza haki yao. Karne nyingi baadaye mtu wa bara, hasa aliyeletwa mtumwa, aliweza kusilimu, kusema Kiswahili fasaha na kuzeekea mjini, na bado akaulizwa nasaba kabla ya kuhesabiwa miongoni mwa waungwana. Dini ilimpokea, hadithi ikamwacha mlangoni, ingawa Sura ya Al-Hujurat inaweka ubora kwenye ucha Mungu wala si kwenye ukoo.

Wapo watakaosema hii si hadithi tupu. Wana hoja: utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, kutokana na mifupa ya watu 80 wa kale, ulionyesha kwamba Waajemi walichanganyika kweli na watu wa pwani kuanzia karibu mwaka 1000. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kuwa asili ya Kiajemi iliingia zaidi kwa baba, na upande wa akina mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa sana. Kwa hiyo kilichopotosha si kumtaja Ali, ni kumsahau binti wa Mrimba, ambaye yumo ndani ya hadithi tangu mwanzo. Zanzibar inathibitisha kwamba uteuzi huo wa nani akumbukwe na nani asahauliwe ni wetu. Huko, katika siasa za karne ya 20, kujiita Mshirazi, yaani mzao wa Waajemi hao, kulikuwa pia njia ya kudai uenyeji mbele ya Mwarabu. Mwaka 1957 jina hilo liliunganishwa na la Waafrika katika Afro-Shirazi Party, na mwaka 1959 baadhi ya viongozi Washirazi wakajitenga na kuunda chama chao cha Zanzibar na Pemba. Asili ileile ya Shirazi iliunganisha watu, kisha ikawagawa, ndani ya miaka mitatu. Mtoto wa ndoa ile ya Kilwa alirithi kisiwa kwa baba; kwa mama alirithi wajomba, na wajomba hao walikuwa bara.