Wembamba Si Dhamana ya Moyo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, kila hosteli ina yule mwenzetu ambaye nguo humkaa vizuri na mizani haimtishi. Usiku hula rolex mbili, akashushia soda, na akiulizwa husema, "Mimi sinenepi." Kisha humtania mwenzake mnene. Kejeli hiyo imekatazwa katika Suratul Hujurat, aya ya 11, tunapoambiwa kuwa huenda anayechekwa ni bora kuliko anayemcheka. Hata katika afya ya moyo, anayecheka hana uhakika.

Mtu anaweza kuwa na uzito wa kawaida kwa urefu wake, yaani kipimo cha kati ya 18.5 na 24.9, na bado mwili wake ukawa na mafuta mengi na misuli michache. Mizani hupima mifupa, maji, misuli na mafuta kwa pamoja, haitenganishi. Mafuta yenye madhara zaidi ni yale yaliyojificha ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo. Hayo huvuruga kazi ya insulini, huchangia kupanda kwa shinikizo na mafuta ya damu, na mishipa ya moyo ikaanza kuziba kimyakimya, pengine miaka mingi kabla ya maumivu yoyote.

Baadhi yetu huileta hapa Hadithi ya Nu'man bin Bashir, ile ya pande la nyama ambalo likitengemaa mwili wote hutengemaa. Mimi naona tusiivute huko. Wanazuoni wameieleza kwa moyo wa nia na uchamungu. Kwa mwili tunayo dalili iliyo wazi zaidi. Abdallah bin Amr alipozidisha kufunga na kusimama usiku, Mtume (s.a.w.) alimkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake. Ikiwa ibada yenyewe iliwekewa mpaka kwa ajili ya mwili, soda tutaipa udhuru gani?

Tiba yake si kujikondesha. Anayeruka milo hupoteza misuli pamoja na mafuta, akabaki mwembamba yuleyule na hatari ileile. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Ukiacha boda boda ukatembea kwa kukaza mwendo dakika 15 kwenda darasani na 15 kurudi, kwa siku 5 umezitimiza. (Kwenda kuswali tumeamrishwa utulivu, kwa hiyo msikimbilie msikitini kwa kisingizio cha makala hii.) Soda ya nusu lita mara nyingi huwa na sukari inayozidi gramu 50, kama vijiko 12 vya chai. Tukifunga Jumatatu na Alhamisi kisha tukafuturu kwayo, moyo umefaidi nini? Tende, maji, maharage na mchicha vinapatikana.

Kabla ya Ijumaa ijayo, azima futi ya fundi cherehani ujipime kiuno. Kisifike nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 170 awe chini ya 85. Kikifika, nenda zahanati upimwe shinikizo, sukari na mafuta ya damu. Aliye na mzazi aliyepatwa na maradhi ya moyo mapema, aende hata kama hakijafika.

Wabillahi tawfiq.