Madigadi na Mtu wa Nyuma

Pikipiki nyingi za biashara Kigoma hazikununuliwa na vijana wanaoziendesha. Mwenye mtaji hununua Boxer au TVS, akamkabidhi kijana kwa mkataba, na kijana hupeleka hesabu mpaka kiasi walichokubaliana kitimie. Kwa muda wote huo hana ruhusa ya kugusa chochote. Anaendesha rangi aliyochagua mwingine na kukalia siti aliyochagua mwingine. Siku mkataba unapoisha, chombo kinakuwa chake, na jambo la kwanza analofanya wengi tunalijua: anakipeleka kwa fundi.

Sioni kosa hapo. Kijana aliyelipia chuma kwa jasho la miezi mingi ana haki ya kukiona kikifanana naye. Tanki hupigwa rangi upya, usukani hubadilishwa, siti hushonwa kwa mistari ya rangi mbili, taa ndogo huongezwa pembeni. Madigadi huja mwisho, aghalabu hela ikiwa imekwisha, na huchaguliwa kwa jicho tu: ipi inapendeza, ipi iondolewe, ipi ikatwe. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Madigadi ya nyuma inalipiwa na mtu mmoja na kumfaa mwingine, na sioni kifaa kingine katika pikipiki nzima kinachofanya hivyo waziwazi namna ile. Kwa hiyo uamuzi unaopitishwa haraka kuliko yote ndio wenye uzito kuliko yote.

Tuanze na udongo, maana ndio unaoamua mengi. Ukitoka Mwandiga kupanda kuelekea Kalinzi kwenye mashamba ya kahawa, au ukishika njia za vijijini upande wa Ilagala, unakutana na ardhi nyekundu ambayo kiangazi ni vumbi na msimu wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, ni ulimbo. Tope la namna hiyo halidondoki. Linashika tairi, linazunguka nayo, linajazana chini ya madigadi ya mbele tabaka juu ya tabaka, mpaka gurudumu linagoma. Dereva anashuka na kijiti, anachokonoa, anaendelea mita mia chache, anashuka tena.

Kwa gurudumu la mbele kuna njia mbili, na kila moja ina hoja yake. Ya kwanza ni madigadi ya chini, ile inayofungwa kwenye miguu ya shokapu na kupanda na kushuka pamoja na gurudumu. Kwa kuwa inakwenda na tairi, inaweza kukaa karibu nayo sana, na maji ya lami hayapati pa kupenya. Kwenye pikipiki nyingi ndogo kibano chake hufanya kazi ya pili ambayo wengi hawaijui: kinaunganisha miguu miwili ya shokapu isipinde kila mmoja kivyake. Ukiing'oa kwa ajili ya urembo, unang'oa na ugumu wa mbele ya pikipiki. Njia ya pili ni madigadi ya juu, iliyofungwa chini ya taa, kama kwenye zile Honda XL na Yamaha ambazo mabwana shamba na watu wa mashirika wamezitumia vijijini kwa miaka mingi. Hiyo haitembei na gurudumu, kwa hiyo lazima iachiwe nafasi yote ambayo shokapu inaweza kuzama. Nafasi hiyo ndiyo inayopitisha tope zito, na hiyohiyo ndiyo inayoruhusu maji mepesi kurukia injini na magoti.

Anayebeba abiria kati ya Mwanga na Ujiji, kwenye lami, afuate ya chini. Anayeshusha kahawa kutoka Kalinzi afuate ya juu. Anayefanya yote mawili akubali kupoteza kidogo huku au kule. Hakuna bati linaloridhisha barabara zote.

Fundi mmoja wa Mwanga, mtu mzima, namheshimu kwa sababu haulizi mteja anataka nini kabla ya kumuuliza anakwenda wapi. Niliwahi kumsikia akimwambia kijana aliyekuja na picha ya pikipiki isiyo na madigadi ya mbele kwenye simu, “Mdogo wangu, hii ni nzuri kweli. Lakini mvua ikianza, mchanga utakula shokapu zako, sili zitavuja, utanirudia na hela nyingi kuliko hizi.” Kijana alimwitikia kwa adabu, “Sawa, fundi, lakini mimi nataka hivyohivyo,” na kazi ikafanyika kama alivyotaka.

Picha zile najua zinakotoka. Marekani, katika miaka ya 1930 na 1940, waendeshaji waliotaka mwendo walianza kuvua madigadi ya mbele na kufupisha ya nyuma ili kupunguza uzito. Kutoka hapo ukazaliwa mtindo mzima, na filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969 ikausambaza duniani. Ni mtindo mzuri na una ukweli wake. Ila wengi wa waliouanzisha walikuwa wakiendesha peke yao. Nyingi ya pikipiki zile zilibaki na siti ya mtu mmoja. Ufupi wa bati la nyuma haukumchafua mtu, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Picha imesafiri mpaka Kigoma, siti ikarefushwa, abiria akapanda, na bati likabaki fupi vilevile.

Sasa tazama kinachotokea gurudumu linapozunguka. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi, kwa nukta ile, haina mwendo. Sehemu ya juu kabisa inakwenda mbele kwa kasi mara mbili ya pikipiki yenyewe. Ukiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, tope lililo kileleni mwa tairi linakwenda 80. Na tope likiachia, linanyooka kufuata uelekeo ambao tairi ilikuwa nao pale lilipoachia. Upande wa nyuma wa gurudumu, tairi inapanda. Kwa hiyo madigadi fupi, inayoishia juu ya usawa wa ekseli, inaliacha tope lipande na kuelekea mbele: mgongoni. Madigadi ikishuka chini ya usawa huo, tope linarukia nyuma, kwa anayefuata, na huyo naye husitiriwa na mpira wa tope unaoning'inia hapo chini. Maji ya dimbwi yanayoruka pembeni na kumlowesha mtembea kwa miguu ni jambo jingine. Hayo hayazuiwi na bati lolote, yanazuiwa na mkono wa kulia wa dereva.

Mgongoni mwa nani? Kanuni za mwaka 2010 ziliitambua rasmi pikipiki kuwa chombo cha kubeba abiria Tanzania, na tangu hapo, na hata kabla, tunajua nani anapanda. Ni mwalimu anayewahi kipindi, mzee wa Ujiji aliyevaa kanzu akienda msikiti wa Ijumaa, muuguzi mwenye sare nyeupe. Ni mama aliyetoka Kibirizi na ndoo ya dagaa mapajani na mtoto mgongoni. Fikiria mkao huo: dereva mbele, mama nyuma yake, na nyuma ya mama, mtoto ndani ya kanga. Aliye karibu kabisa na tairi ya nyuma ni yule asiyechagua kitu chochote katika safari ile, wala pikipiki, wala dereva, wala njia.

Mwanafalsafa Emmanuel Levinas, aliyezaliwa Lithuania mwaka 1906 na kufundisha Ufaransa, aliuweka wajibu wetu juu ya uso: ninapokutana na uso wa mwenzangu, deni langu kwake limeshaanza kabla sijakubali wala kukataa. Ni fikra nzito na ninaipenda. Lakini dereva wa bodaboda hauoni uso wa abiria wake. Safari nzima amempa mgongo. Anayemfuata kwa baiskeli akielekea Bangwe hamwoni kabisa. Ikiwa wajibu unangoja uso, basi nyuma ya pikipiki hakuna wajibu. Mimi naamini upo, na ni mzito zaidi, kwa sababu asiyeonekana hana njia ya kukukumbusha. Hawezi kukukazia macho. Kinachomtetea ni kile tu ulichokwisha kukifanya kabla hajapanda, kwa fundi, ukiwa na hela mkononi na picha kwenye simu.

Watu wa Ujiji wanalifahamu jambo hili kwa njia ya nyumba zao. Pale nyumba zimebanana, na mtu anapoezeka hutazama upenu wake utamwagia wapi maji, asije akaubomoa ukuta wa jirani aliyelala. Bati la gurudumu ni upenu unaotembea.

Kuna mfano mwingine, mkubwa, unaokaa kwenye maji ya Kigoma. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka ziwani, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nzito. Ilikaa chini ya maji mpaka ilipoinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini chini ya Waingereza kwa jina la Liemba. Sidhani mafundi wale waliwaza kuhusu akina mama wa Kasanga au wafanyabiashara wa Mpulungu waliokuja kupanda meli hiyo miaka mingi baadaye. Huenda walitumaini kuirudia wao wenyewe. Hata hivyo grisi yao iliwafaa watu wasiowajua. Kazi iliyofanywa vizuri haimchagui wa kumfaa.

Nasikia hoja ya kijana: pikipiki ni yangu, nimeilipia, sasa niko huru. Ni kweli, na ndiyo maana namwandikia yeye na si yule aliye bado kwenye mkataba. Yule angeweza kusema bati si langu, mwenye chombo ndiye aliyeamua. Huyu hana pa kusingizia. Uhuru umempa pikipiki, na pamoja nayo umempa kila mgongo utakaokaa juu yake.

Wala simwambii aachane na uzuri. Bati la chuma linapindika kwa nyundo, linachomelewa, linapokea rangi vizuri, ila kutu italila mapema ikiwa kila siku linadondokewa na maji ya ndoo za dagaa. Plastiki haishiki kutu, lakini mtikisiko huipasua penye bolti, na ikipasuka haichomelewi kirahisi. Kwa kazi ya ziwani ningechukua plastiki nene na kuweka vipande vya mpira chini ya bolti. Kwa pikipiki ya maonyesho na harusi ningechukua chuma.

Basi ndugu yangu unayemaliza mkataba mwaka huu, kata unachotaka kukata mbele, upake rangi uipendayo. Lakini kabla fundi hajawasha grenda kwa ajili ya bati la nyuma, mwombe mtu akae kwenye siti ya abiria, kisha uchuchumae nyuma ya tairi uangalie mwenyewe. Likiishia juu ya ekseli, usilipe. Mwambie alishushe, na mpira wa tope aufunge chini yake.